Njaa peke yake haikuiangusha Ufaransa: matabaka na chimbuko la mapinduzi ya 1789

Mwulize mwanafunzi wa historia wa kidato cha tano au cha sita hapa Dodoma chanzo cha Mapinduzi ya Ufaransa, na mara nyingi atakujibu kwa pumzi moja: makabaila na makasisi waliwanyonya wananchi, wananchi wakachoka, wakainuka. Jibu hilo litampatia alama, na ukweli umo ndani yake. Lakini linaruka swali lililo gumu kuliko yote. Wananchi wa Ufaransa walikuwa wamenyonywa kwa karne nyingi. Mwaka 1709 baridi kali iliharibu mazao na kuua mamia ya maelfu ya watu, na mfalme akabaki kwenye kiti chake. Kwa nini basi utawala ulianguka mwaka 1789?

Sisi wa Ugogo tuna sababu ya kulichukua swali hili kwa uzito. Simulizi za wazee wa hapa zinaitaja Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo ya vita. Halafu mvua zikakatika. Watu walikufa kwa wingi, na wengine wakatawanyika kwenda kuomba hifadhi nchi za jirani. Dhiki ile ilikuwa kubwa kupita ya Paris ya 1789, na haikuzaa mapinduzi. Mwenye njaa kali hutafuta chakula, huhama, huwaendea ndugu. Kuiangusha dola ni kazi inayohitaji mambo mengine, na mambo hayo ndiyo ninayotaka kuyaeleza hapa.

Nilivyoielewa mimi, Mapinduzi ya Ufaransa hayakuletwa na tabaka moja lililochoka. Matabaka manne, yaani makabaila, mabwanyenye (matajiri na wasomi wasio makabaila), umma wa mjini na wakulima, kila moja na ugomvi wake, yalijikuta mahali pamoja ndani ya majira machache ya mwaka, na la kwanza kugoma lilikuwa lile la juu kabisa.

Madaraja ya sheria na matabaka ya maisha

Tutenganishe kwanza vitu viwili ambavyo huchanganywa sana darasani. Sheria ya Ufaransa iliwagawa watu katika madaraja matatu: makasisi, makabaila, na wengine wote. Nchi ilikuwa na watu wapatao milioni 28. Makasisi na watawa walikuwa kiasi cha 130,000. Idadi ya makabaila inabishaniwa hadi leo. Wako wanaosema 120,000 na wako wanaofika 350,000. Waliobaki, zaidi ya watu 97 katika kila 100, walikuwa daraja la tatu.

Daraja ni jambo la sheria. Tabaka linahusu riziki: mtu anamiliki nini, anamfanyia nani kazi, na nani anakula jasho la nani. Ukiyatazama madaraja kwa jicho hilo, kila moja linapasuka. Katika daraja la tatu walikuwamo mwenye benki wa Paris, mwenye meli wa Bordeaux, wakili, fundi viatu, kibarua, na mkulima asiye hata na kipande cha shamba. Katika daraja la kwanza alikuwamo askofu wa Strasbourg, aliyepata livre 400,000 (fedha ya Ufaransa ya wakati huo) kwa mwaka, na padri wa kijiji ambaye kima chake cha chini kisheria, tangu 1786, kilikuwa livre 700. Katika la pili walikuwamo wakubwa walioishi karibu na mfalme huko Versailles, wakila pensheni za ikulu, na makabaila wa mikoani ambao hawakuwa na cha kujivunia ila jina la ukoo.

Kabaila wa Ulaya ni mtu mgumu kumpata akilini kwa msomaji aliyekulia Ugogo. Huku kulikuwa na watemi, wenye mawe ya mvua na mamlaka ya ibada juu ya nchi zao ndogo ndogo, waliotoza hongo misafara iliyopita kati ya pwani na Tabora ikihitaji maji na chakula. Utajiri ulikuwa ng'ombe, nao walikopeshwa kwa ndugu na marafiki, wakalala katika mazizi ya watu wengi. Mgogo hakuzaliwa akakuta mtu mwenye haki ya kuchukua sehemu ya mavuno yake kila mwaka kwa sababu tu babu wa mtu huyo alikuwa nayo. Wenyeji wa Kagera, ambako zamani kulikuwa na nyarubanja, yaani ardhi ya mabwana iliyolimwa na wapangaji waliowalipa, wataelewa upesi zaidi.

Matajiri ndio waliotangulia

Mgogoro ulianzia kwenye hazina ya mfalme. Kati ya 1778 na 1783 Ufaransa iliwasaidia Wamarekani kupigana na Uingereza, na vita hivyo viliendeshwa kwa mikopo. Kufikia 1788 karibu nusu ya mapato ya serikali yalikuwa yanakwenda kuhudumia madeni. Kodi kuu ya moja kwa moja, iliyoitwa taille, ilimwelemea mkulima. Makasisi hawakuilipa, makabaila wengi hawakuilipa, miji mingi ilikuwa imepewa msamaha, na mabwanyenye wengi walikuwa wamejipatia misamaha yao. Mkulima alikuwa amekwisha kukamuliwa. Fedha zilibaki mahali pamoja tu, kwa wale waliosamehewa.

Waziri wa fedha, Calonne, alilijua hilo. Februari 1787 alikusanya baraza la wakuu wa nchi, wengi wao makabaila na maaskofu, akawapelekea pendekezo la kodi ya ardhi itakayomgusa kila mwenye ardhi bila kujali daraja. Walikataa. Walisema kodi ya namna hiyo inaweza kuidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Madaraja peke yake, chombo ambacho hakikuwa kimeitishwa tangu 1614. Calonne akafukuzwa kazi. Aliyemfuata, Brienne, alijaribu kupitisha mageuzi yake kwenye mahakama kuu za kifalme, ambazo majaji wake walikuwa makabaila walionunua au kurithi viti vyao. Nazo zikagoma. Mwezi Mei 1788 mfalme akajaribu kuzinyang'anya madaraka. Huko Grenoble, tarehe 7 Juni, wananchi walipanda juu ya mapaa wakawatupia askari vigae, wakiwatetea majaji.

Ninaomba msomaji asimame hapa kidogo. Umma wa mjini uliingia barabarani kuwatetea wakubwa waliokuwa wanalinda misamaha yao ya kodi. Majaji walisema kwa lugha ya uhuru: mfalme asitoze bila ridhaa ya taifa, asimfunge mtu bila sheria. Wengine waliyaamini maneno hayo kwa dhati, wengine waliyatumia kufunika mali zao, na wapo waliofanya yote mawili bila kuona mgongano. Watu waliosikia maneno hayo waliyachukua kama yalivyosemwa. Kwa mwaka mzima na zaidi, tabaka la juu lilikuwa linawafundisha Wafaransa wote kwamba mfalme anaweza kukataliwa.

Agosti 1788 hazina ilikauka. Serikali ikatangaza kwamba Mkutano Mkuu utaitishwa Mei 1789, na wiki iliyofuata ikasitisha sehemu ya malipo yake. Makabaila walikuwa wameshinda. Kisha, tarehe 25 Septemba, mahakama kuu ya Paris ikaamua kwamba mkutano ukae kama ulivyokaa 1614: kila daraja chumba chake, kila daraja kura moja. Maana yake ilikuwa wazi. Makasisi na makabaila wangekuwa na kura mbili dhidi ya moja, hata daraja la tatu lingeleta wajumbe wangapi. Sisi tunaoishi jirani na Bunge tunajua jinsi kanuni ya kupiga kura inavyoweza kumaliza mjadala kabla haujaanza. Wafaransa nao walielewa. Majaji walioshangiliwa majira ya joto wakawa wanazomewa kabla mwaka haujaisha. Desemba mfalme alikubali daraja la tatu lipewe wajumbe mara mbili, lakini hakusema kama kura zitahesabiwa kwa vichwa au kwa madaraja.

Mlango uliokuwa unazidi kufinywa

Mabwanyenye ndio wanaoleta ubishi mkubwa. Picha iliyozoeleka ni ya mabepari wenye viwanda wanaouvunja ukabaila ili biashara ipumue. Ukiwatafuta mabepari hao katika Ufaransa ya 1780 utawapata wachache. Aliyepata fedha kwa biashara alipenda kununua shamba, kisha cheo. Serikali iliuza vyeo, na baadhi ya vyeo, kama kile cha katibu wa mfalme, vilimpa mnunuzi na watoto wake ukabaila. Kwa hiyo ndoto ya bwanyenye tajiri ilikuwa kuingia kwenye jumba la makabaila, na wengi waliingia. Jumba lenyewe hakuwa na haja ya kulibomoa.

Tatizo lilikuwa idadi. Biashara ya nje ilikua sana katika karne ya 18, watoto wengi zaidi wa wafanyabiashara na maofisa wadogo wakasomeshwa sheria, na nafasi za heshima hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Upande wa pili, waliokwisha kuingia walianza kufunga mlango. Mwaka 1781 jeshi liliweka sharti kwamba anayetaka kuwa ofisa moja kwa moja athibitishe vizazi vinne vya ukabaila. Kanuni hiyo iliwagonga sana makabaila wapya wenye fedha, lakini kila mwana wa wakili aliisoma kama taarifa aliyoandikiwa yeye. Kuhusu Antoine Barnave, wakili kijana wa Grenoble aliyekuja kuwa msemaji mkubwa bungeni, inasimuliwa kwamba alipokuwa mtoto mama yake alitolewa kwenye kiti katika ukumbi wa maigizo kwa sababu gavana alimtakia rafiki yake kiti hicho. Mambo ya namna hiyo hayaonekani kwenye hesabu za uchumi, ila mtu hayasahau.

Ndiyo maana ukiangalia wajumbe wapatao 600 wa daraja la tatu waliofika Versailles mwaka 1789, utaona karibu theluthi mbili ni mawakili, mahakimu na wenye vyeo vya serikali. Wafanyabiashara na wenye viwanda hawakufika hata mmoja katika kila saba. Kibarua hakuwamo. Mkulima wa jembe la mkono hakuwamo. Waliokuja ni watu wanaojua kuandika hoja, kusoma kanuni na kusimama mbele ya watu wakasema. Mtunya haikuwa na watu wa namna hiyo wa kuisemea, wala chombo cha kusemea. Mtawala wa Ugogo alikuwa jeshi la kigeni lililokuwa vitani. Ufaransa ilikuwa na wasemaji hao kwa maelfu, wenye elimu na wenye kinyongo, na mfalme mwenyewe akawa amewapa ukumbi.

Kuna upande mmoja wa utajiri wa tabaka hili ambao Mtanzania hapaswi kuupita. Bordeaux na Nantes zilinenepa kwa sukari na kahawa ya Saint-Domingue, yaani Haiti ya leo, iliyolimwa na watumwa wa Kiafrika. Katika bahari yetu pia, mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kwa mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Mauritius na Réunion. Jasho la watu waliotolewa bara letu lilikuwa sehemu ya fedha iliyowasomesha na kuwapa sauti baadhi ya wale waliokuja kuandika kwamba binadamu wote huzaliwa huru. Utumwa ulifutwa na bunge la mapinduzi tarehe 4 Februari 1794, baada ya watumwa wa Saint-Domingue wenyewe kuinuka Agosti 1791. Walowezi wa visiwa vya Bahari ya Hindi waliikataa sheria hiyo, na mwaka 1802 Napoleon akaurudisha utumwa. Inauma kuyasoma haya, lakini hivyo ndivyo haki za binadamu zilivyokomea pale mali ya tabaka lililoziandika ilipoanzia.

Mkulima na daftari la kabaila

Zaidi ya Wafaransa wanane katika kila kumi waliishi vijijini. Na hapa kuna jambo linaloshangaza: mkulima wa Ufaransa alikuwa na hali nafuu kuliko wenzake wengi wa Ulaya. Kule Urusi mkulima alikuwa mali ya bwana wake. Ufaransa, karibu theluthi moja ya ardhi au zaidi kidogo ilikuwa mikononi mwa wakulima wenyewe, waliweza kuirithisha na kuiuza. Kwa nini basi wao ndio wawe wakali kuliko wote?

Sababu imo humo humo katika umiliki. Mtu anayelima shamba la mwingine ana namna ya kuielewa kodi anayolipa. Anayelima shamba lake, alilolipata kwa jasho la baba yake, kisha akaja mtu akachukua sehemu ya miganda kwa sababu ya haki iliyoandikwa zamani, huyo anajiona ameibiwa. Na makato hayakuwa hayo tu. Mara nyingi alilazimika kusaga nafaka kwenye kinu cha kabaila na kuoka mkate kwenye tanuri lake, akilipia. Njiwa wa kabaila walikula mbegu, naye hakuruhusiwa kuwagusa. Wawindaji walipita juu ya mazao. Kanisa lilichukua zaka, ambayo mara nyingi haikubaki kwa padri wa kijiji bali ilikwenda kwa askofu au nyumba ya watawa iliyo mbali. Mfalme naye akaja na taille, na kodi ya chumvi iliyochukiwa kuliko zote.

Katika miaka ya mwisho makabaila wengi, wakibanwa na gharama, waliajiri wataalamu wa hati kupekua madaftari ya zamani na kufufua malipo yaliyosahauliwa. Kijijini kilichoonekana ni karani mgeni anayefungua kitabu kikuukuu na kumwambia mtu kwamba babu yake alikuwa anadaiwa. Kuanzia hapo adui wa mkulima akawa na umbo: yale makaratasi yaliyofungiwa katika jumba la kabaila.

Kisha mfalme akawauliza wananchi kinachowauma. Katika majira ya kuchipua ya 1789, uchaguzi wa wajumbe ulipofanyika, kila parokia iliagizwa kuandika daftari la malalamiko. Maelfu ya madaftari hayo yapo hadi leo. Binafsi naona tendo hili lilikuwa na uzito kuliko vijitabu vyote vya wanafalsafa. Watu walikusanyika, mara nyingi kanisani, wakataja kinu, njiwa, chumvi na zaka kwa majina yake, wakaona yameandikwa na kutumwa kwa mfalme. Waliporudi nyumbani walitarajia jibu. Wengine waliacha kulipa hata kabla jibu halijafika.

Na mwaka huo ulikuwa mbaya. Tarehe 13 Julai 1788 mvua ya mawe iliharibu mashamba ya eneo kubwa la Ufaransa. Baridi iliyofuata iligandisha mito, vinu vikasimama. Ni kosa kudhani kwamba bei ya nafaka ikipanda mkulima anafurahi. Aliyewahi kulitazama soko la nafaka la Kibaigwa anajua: mkulima mdogo wa Kongwa au Chamwino huuza akivuna, kwa sababu ana madeni na ada za shule, na ghala lake likiisha kabla ya mvua kukomaza mazao mapya anarudi sokoni kununua kwa bei ya juu. Wakulima wengi wa Ufaransa walikuwa hivyo hivyo. Walikuwa wanunuzi wa chakula kwa sehemu ya mwaka, na aliyebaki na nafaka ghalani alikuwa kabaila, kanisa na mkulima tajiri, yaani wale wale waliokuwa wamepokea makato yao kwa nafaka.

Mjini Paris mkate wa ratili nne, uliokuwa unauzwa sou 8 au 9 (sou 20 zilikuwa livre moja), ulifika sou 14 na nusu mwanzoni mwa 1789. Kibarua alilipwa kati ya sou 20 na 30 kwa siku, na familia ilihitaji mikate miwili hivi kila siku. Fanya hesabu mwenyewe. Wakati huo huo viwanda vya nguo vilikuwa vinapunguza watu, kwa sehemu kwa sababu ya mkataba wa 1786 uliofungulia bidhaa za Uingereza. Mwishoni mwa Aprili watu wa mtaa wa Saint-Antoine walivamia nyumba na karakana ya Réveillon, mwenye kiwanda cha karatasi za ukutani, baada ya kusikia kwamba anataka mishahara ishushwe. Askari walifyatua risasi, wengi wakafa. Réveillon alikuwa bwanyenye wa daraja la tatu. Siku chache kabla ya mkutano uliotarajiwa kuliunganisha daraja hilo dhidi ya makabaila, wavujajasho wa Paris walikuwa wanapigana na mtu wa daraja lao wenyewe.

Majira ya joto ya 1789

Mkutano ulifunguliwa Versailles tarehe 5 Mei, ukakwama kwa wiki sita kwenye swali lile lile la kura. Mwanya ulifunguliwa na watu ambao mara nyingi hawapewi haki yao: mapadri wa vijijini. Kati ya wajumbe wapatao 300 wa makasisi, karibu theluthi mbili walikuwa mapadri wa parokia, wana wa wakulima na wenye maduka, waliochoka kuamriwa na maaskofu ambao karibu wote walikuwa wa koo za kikabaila. Tarehe 13 Juni watatu kati yao, kutoka Poitou, walitoka chumba chao wakaenda kukaa na daraja la tatu. Wengine wakafuata siku zilizofuata. Sheria iliwaita daraja la kwanza, lakini maisha yao yalikuwa ya wale waliowaendea. Tarehe 17 Juni daraja la tatu likajitangaza kuwa Bunge la Taifa, tarehe 20 wakala kiapo cha kutotawanyika mpaka katiba ipatikane, na tarehe 27 mfalme akawaagiza waliobaki wajiunge nao.

Mawakili walikuwa wameshinda kwa maneno, lakini bunduki hazikuwa zao. Mfalme alikuwa anakusanya vikosi kuzunguka Paris na Versailles, na tarehe 11 Julai akamfukuza Necker, waziri ambaye umma ulimtumaini kwa chakula na fedha. Kama Paris isingeinuka, naamini Bunge lile lingetawanywa, na leo tungelisoma kama jaribio lililoshindwa. Watu walichoma vituo vya ushuru vilivyozunguka mji, walikolipishwa kwa kila kinachoingia. Wakatafuta silaha, kisha baruti, na baruti ilikuwa Bastille. Gereza lenyewe lilikuwa na wafungwa saba tu. Majina 954 ya walioiteka yaliorodheshwa baadaye, na wengi wao walikuwa mafundi na wenye karakana ndogo wa Saint-Antoine: maseremala, mafundi makufuli, washona viatu. Askari wa kikosi cha walinzi waliokataa kuwapiga wananchi wenzao walikuja na mizinga. Bei ya mkate na uhai wa Bunge vilikuwa vimefungwa pamoja kwa siku ile moja.

Habari zilipofika vijijini ziliandamana na uvumi kwamba makabaila wamewakodi majambazi waharibu mavuno. Wakulima walijizatiti, majambazi hawakutokea, na hapo wakageukia majumba ya makabaila. Sehemu nyingi hawakuua mtu. Waliulizia makaratasi, wakayachoma uani. Wabunge wengi wa mabwanyenye walitishika sana, kwa sababu na wao walikuwa wamenunua mashamba yenye haki hizo za kikabaila. Wangeweza kuomba jeshi la mfalme liwatulize wakulima, lakini jeshi hilo likisharudishiwa nguvu lingewageukia wao. Usiku wa tarehe 4 Agosti walichagua njia nyingine. Wa kwanza kusimama alikuwa Noailles, mtoto mdogo wa ukoo mkubwa asiye na mali, akafuatwa na Aiguillon, mmoja wa wenye ardhi matajiri kuliko wote, na kabla ya kukucha ukabaila ulikuwa umetangazwa kuwa umefutwa.

Wanahistoria wamebishana sana juu ya maana ya haya yote. Karl Marx na waliomfuata waliona tabaka la mabepari likichukua dola kutoka kwa makabaila. Georges Lefebvre, aliyetumia maisha yake kuchunguza wakulima wa kaskazini mwa Ufaransa, aliyagawa mapinduzi katika mikondo minne, ya makabaila, ya mabwanyenye, ya umma wa mjini na ya wakulima, na kwa mpangilio huo ninamfuata. Mwingereza Alfred Cobban alipinga, akionyesha kwamba waliokaa bungeni hawakuwa mabepari bali wenye vyeo vilivyokuwa vinapoteza thamani. Wengine wakaenda mbali zaidi wakasema matabaka hayakuhusika, ni mawazo na siasa tu. Hao siwezi kukubaliana nao. Cobban alikuwa sahihi kuhusu mabwanyenye ni akina nani, lakini kuwatoa wenye viwanda katika picha hakumtoi mkulima aliyechoma daftari, wala seremala aliyekwenda Bastille na njaa. Ugomvi wa riziki ulikuwepo kila mahali, ingawa haukupita kwenye mipaka ambayo sheria iliichora, wala ile tunayochora ubaoni.

Dalili kubwa ni jinsi walioungana walivyoachana haraka. Bunge lilikubali tamko la haki tarehe 26 Agosti 1789, na kabla ya mwaka kwisha likaamua kwamba mwenye haki ya kupiga kura ni mwanamume anayelipa kodi ya thamani ya ujira wa siku tatu. Kiasi cha milioni nne walivuka kizingiti hicho. Wanaume karibu milioni tatu wakabaki nje. Wanawake wote walibaki nje, hata wale wa masokoni ambao tarehe 5 Oktoba walikuwa wametembea kwa miguu hadi Versailles kudai mkate, wakarudi Paris na mfalme siku iliyofuata. Tarehe 14 Juni 1791 sheria ya Le Chapelier ilipiga marufuku vyama na migomo ya wafanyakazi. Réveillon angeifurahia.

Kwa wakulima, usiku wa Agosti 4 ulikuwa na sharti lililoandikwa siku zilizofuata. Malipo yaliyohesabiwa kuwa ya kumdhalilisha mtu yalifutwa bure, lakini yale yaliyohesabiwa kuwa ya ardhi, ambayo ndiyo yaliyokuwa mazito, yalipaswa kununuliwa: mara 20 ya malipo ya mwaka kama yalikuwa ya fedha, mara 25 kama yalikuwa ya mazao. Ni wachache walioweza, na wachache zaidi waliotaka. Kijiji baada ya kijiji waliacha tu kulipa, wakamdai kabaila awaonyeshe hati, wakaandamana walipobanwa, na kwa miaka minne hakuna serikali iliyoweza kuwalazimisha. Tarehe 17 Julai 1793 Bunge lilifuta malipo yote ya kikabaila bila fidia, likaagiza hati zilizobaki zikachomwe hadharani.